Kikulacho ki nguoni mwako: Jinsi viini vya TB vinavyoikwepa kinga ya mwili

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii yafaa sana kuuelezea ugonjwa wa kifua kikuu, au TB kama wengi wetu tunavyouita. Viini vinavyouleta ugonjwa huu haviwakimbii walinzi wa mwili. Huingia ndani ya walinzi hao hao, vikafanya makao humo, wakati mwingine kwa miaka mingi, bila mwenye mwili kujua lolote.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mnamo mwaka 2023 watu wapatao milioni 10.8 waliugua TB, na watu milioni 1.25 wakafariki kutokana nayo. Vifo hivyo vilitokea ilhali ugonjwa huu una dawa, na hapa Kenya dawa hizo hutolewa bila malipo katika hospitali na zahanati za serikali.

Huenda wewe, msomaji, una jamaa au jirani aliyewahi kuanzishiwa dawa za TB, akauliza: "Mbona nimeze vidonge kwa miezi sita, na kikohozi kilikwisha mwezi wa kwanza?" Hilo ni swali la haki. Anayelijua jibu lake humaliza dawa. Asiyelijua huziacha katikati, na huenda akailipia kwa maisha yake. Ili kulijibu, yatubidi kwanza tuelewe mwili hujilinda vipi, kisha tuone hila ambazo viini hivi hutumia ili kuponyoka.

JESHI LA MWILI

Mwili wa binadamu una ngome kadhaa. Ya kwanza ni ngozi, pamoja na vinyweleo na kamasi za puani na kooni, ambazo hunasa vumbi na viini kabla havijafika mbali. Asidi ya tumbo nayo huua vingi vya vile tunavyovimeza.

Viini vikipenya ngome hiyo, hukutana na askari wa doria. Hawa ni chembe nyeupe za damu na jamaa zake. Baadhi yake huitwa makrofaji, na kazi yake ni kula. Makrofaji hukizunguka kiini, hukimeza na kukifungia ndani ya kifuko. Kisha kifuko hicho huungana na kingine kilichojaa asidi na kemikali za kuyeyusha, na huo huwa mwisho wa kiini. Aliyeieleza kazi hii ya chembe walaji ni mwanasayansi Élie Metchnikoff, ambaye alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich mwaka 1908.

Kundi la tatu ni askari wenye mafunzo maalumu. Kuna chembe zinazotengeneza kingamwili, yaani silaha zinazomshika adui mmoja mahsusi. Kuna na chembe ziitwazo CD4, ambazo kazi yake ni kama ya makamanda: huwaamrisha askari wengine na kuwaongezea nguvu. Askari hawa huchukua muda kufunzwa, lakini wakishamjua adui hawamsahau upesi.

Kwa viini vingi jeshi hili latosha. Ndiyo maana mafua na vidonda vidogo hupona vyenyewe. Kiini cha TB, hata hivyo, kimeishi na binadamu kwa maelfu ya miaka na kimejifunza njia zote za jeshi hilo.

SAFARI YA KUINGIA

Tuseme umekaa ndani ya matatu iliyojaa abiria, na madirisha yote yamefungwa kwa sababu ya mvua. Abiria mmoja mwenye TB ya mapafu ambayo haijatibiwa anakohoa. Matone madogo mno, yasiyoonekana kwa macho, hutoka kinywani mwake na kuelea hewani. Makubwa huanguka chini au hunaswa puani mwako. Yaliyo madogo kabisa huteremka na pumzi hadi kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwisho wa mapafu.

Kiini chenyewe ni kidogo ajabu. Ukivipanga viini mia tatu hivi kwa mstari, kimoja nyuma ya kingine, urefu wake utakuwa kiasi cha milimita moja tu. Daktari Mjerumani Robert Koch ndiye aliyetangaza mjini Berlin, tarehe 24 Machi 1882, kuwa amekigundua. Tarehe hiyo ndiyo Siku ya TB Duniani.

Yafaa ujue pia kuwa TB haiambukizwi kwa kushiriki kikombe, sahani au kitanda, wala kwa kusalimiana. Tena si ugonjwa wa ukoo, na si kazi ya mchawi. Huenea kwa hewa.

HILA YA KWANZA: KOTI LA NTA

Kiini cha TB kimejifunika ukuta mnene wenye mafuta mazito mfano wa nta. Koti hili hukikinga na kemikali nyingi za mwili, na pia huzuia dawa nyingi za kawaida zisipenye. Ni kwa sababu hii antibiotiki zinazotibu vidonda au koo haziwezi kuiponya TB.

Koti hilo hilo ndilo humsaidia fundi wa maabara kukitambua. Makohozi hupakwa rangi nyekundu kwenye kioo, kisha huoshwa kwa asidi. Bakteria wengi hupoteza rangi hiyo, lakini kiini cha TB hubaki chekundu. Siku hizi mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2010, hutafuta chembeuzi za kiini hicho na kutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi. Vile vile huonyesha kama kiini kimekuwa sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu.

HILA YA PILI: KULIWA BILA KUYEYUSHWA

Kiini kikifika kwenye mapafu, makrofaji hukimeza kama kawaida. Hapo ndipo kinapoonyesha ujanja wake mkubwa. Kikiwa ndani ya kifuko, hutoa kemikali zinazokizuia kifuko hicho kuungana na kile chenye asidi na vimeng'enya vya kuyeyusha. Ni kama mfungwa aliyeingia gerezani kisha akaharibu kufuli zote ili askari asimfikie.

Makrofaji hujaribu pia kukiua kwa kemikali kali zitokanazo na oksijeni, lakini kiini kina vimeng'enya vya kuzivunja nguvu. Basi badala ya kufa, hula humo na kuzaana humo. Mwisho huweza kuitoboa na kuiua chembe iliyokimeza, na viini vilivyozaliwa vikamezwa na chembe nyingine, na kisa kikaanza upya.

Kuna faida nyingine kwa kiini. Kingamwili huzunguka katika damu na maji ya mwili, na haziingii kwa urahisi ndani ya chembe. Aliyejificha ndani ya nyumba ya askari hawezi kuonwa na wanaomtafuta barabarani.

HILA YA TATU: MWENDO WA POLE

Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Bakteria wengi wa tumboni, hali ikiwa nzuri, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, na kwa siku moja waweza kupita vizazi zaidi ya 70. Kiini cha TB huchukua saa 18 hadi 24 kugawanyika mara moja tu.

Mwendo huu humchelewesha askari kugundua kuwa ameingiliwa. Kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi nane tangu mtu kuambukizwa hadi kinga yake maalumu iweze kuonekana kwa kipimo cha ngozi. Kufikia wakati huo kiini kimekwisha kujenga makao.

HILA YA NNE: USINGIZI

Hatimaye makamanda wa CD4 hupata habari na kuleta askari wengi. Wakishindwa kumwua adui, humzingira. Chembe nyingi hukusanyika na kujenga kinundu kinachozifungia chembe zenye viini katikati, kama ukuta wa kambi.

Kwa watu wengi ukuta huo hudumu maisha yao yote. Inakadiriwa kuwa kiasi cha robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa kiini hiki, lakini miongoni mwao ni asilimia 5 hadi 10 tu watakaougua maishani. Wengine hawakohoi, hawakondi, na hawamwambukizi mtu yeyote.

Lakini kuzingirwa si kufa. Ndani ya kinundu, mahali ambapo oksijeni ni haba, baadhi ya viini hupunguza shughuli zao hadi karibu kusimama. Havizaani, havisumbui, vinangoja tu. Vyaweza kungoja miezi, hata miaka mingi.

MLINZI ANAPOSINZIA

Viini hivyo hungoja siku ambayo ukuta utalegea. Jambo linaloulegeza kuliko yote ni virusi vya Ukimwi, kwa kuwa virusi hivyo huziharibu chembe za CD4, wale makamanda tuliowataja. Katika miaka ya 1990, Ukimwi ulipoenea nchini Kenya, idadi ya wagonjwa wa TB nayo ilipanda kwa kasi. Ndiyo sababu kila mgonjwa wa TB hushauriwa kupimwa virusi vya Ukimwi, na kila anayeishi na virusi hivyo huulizwa kuhusu dalili za TB anapokwenda kliniki.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kuwa kila mwenye TB ana Ukimwi. Ugonjwa wa kisukari, utapiamlo, unywaji pombe kupita kiasi na uvutaji sigara pia huudhoofisha ukuta huo. Watoto wadogo, ambao kinga yao haijakomaa, wamo hatarini zaidi, na kwao TB yaweza kufika hadi kwenye utando wa ubongo.

Chanjo ya BCG, ambayo kwa kawaida huacha kovu dogo kwenye mkono, ilitengenezwa na Wafaransa Albert Calmette na Camille Guérin, na mtoto wa kwanza kuipata aliipewa mwaka 1921. Huwakinga vizuri watoto wachanga na aina kali za TB, lakini kinga yake dhidi ya TB ya mapafu kwa watu wazima ni hafifu. Kwa hivyo usiutazame mkono wako ukaona kovu, ukasema huwezi kuambukizwa.

SASA, MBONA MIEZI SITA?

Tulizieleza hila hizo kwa kuwa matibabu ya TB yamepangwa kwa kuzifuata moja baada ya nyingine. Mgonjwa wa kawaida huanza na dawa nne katika miezi miwili ya kwanza, kisha huendelea na mbili kwa miezi minne.

Isoniazidi hulishambulia lile koti la nta, na huua upesi viini vinavyozaana. Ndiyo sababu kikohozi hupungua mapema, na kwa kawaida hatari ya kuwaambukiza wengine hushuka sana baada ya wiki chache za dawa zinazofaa. Pirazinamidi hufanya kazi vizuri mahali penye asidi, ambapo dawa nyingine hulegea. Rifampisini huweza kuviua hata viini vinavyozinduka kwa muda mfupi tu kisha vikalala tena. Ya nne, ethambutoli, huongezwa ili kuzuia usugu.

Unapopata nafuu mwezi wa kwanza au wa pili, vilivyokufa ni vile vilivyokuwa macho. Vilivyolala bado vipo. Dawa nyingi hukiua kiini pale kinapofanya kazi zake, kwa hivyo vilivyosinzia huna budi kuvingoja viamke, vichache leo na vichache mwezi ujao, na kila kinapoamka kiikute dawa tayari katika damu. Miezi minne ya mwisho ni ya kuvingoja hivyo.

Watu wa sehemu hizi walishiriki katika kuupata muda huo. Zamani matibabu yalichukua mwaka mmoja hadi miwili, na wengi walichoka njiani. Mwaka 1972 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa na watafiti wa Afrika Mashariki pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Yalionyesha kuwa rifampisini au pirazinamidi ikiongezwa kwenye dawa za wakati ule, miezi sita yaweza kutosha. Mgonjwa anayelalamika kuwa miezi sita ni mingi na ajue kuwa mamake au babu yake angemeza dawa kwa muda mrefu zaidi.

UKIIACHA DAWA KATIKATI

Hesabu ndogo itatusaidia. Shimo moja ndani ya pafu la mgonjwa laweza kuwa na viini milioni mia moja. Kwa kawaida, katika kila viini milioni moja hivi, huwemo kimoja ambacho kwa bahati tu hakidhuriki na isoniazidi. Ukitumia dawa hiyo peke yake, viini mia moja hivi vitabaki na kuzaana, na muda si muda pafu lote litakuwa na viini sugu. Ukitumia dawa kadhaa pamoja, kile kinachoponyoka dawa moja huuawa na nyingine. Hii ndiyo sababu hupaswi kuchagua kidonge kimoja ukakiacha kingine.

Anayeacha dawa, au anayemeza leo na kuruka kesho, huvipa nafasi viini sugu kushamiri. Kisha huwaambukiza mkewe, watoto wake na wafanyakazi wenzake viini ambavyo dawa za kawaida haziviwezi. Kwa miaka mingi TB sugu ilitibiwa kwa miezi 18 au zaidi, pamoja na sindano ambazo ziliwaacha baadhi ya wagonjwa wakiwa viziwi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mchanganyiko mpya wa vidonge wa miezi sita kwa wagonjwa wengi wa TB sugu. Hiyo ni nafuu kubwa, lakini heri kutofika huko.

SI TB PEKE YAKE

Viini vingine navyo vina hila zake. Kile kinachosababisha nimonia kwa watoto hujivika koti la sukari linaloteleza, na chembe walaji hushindwa kukishika. Kinga ya mtoto wa chini ya miaka miwili hailitambui vizuri koti hilo, kwa hivyo watengenezaji wa chanjo waliiunganisha sukari hiyo na protini ili mwili wa mtoto ushtuke. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga kwa chanjo ya aina hiyo mwaka 2011.

Kiini cha kisonono hubadilisha sura yake ya nje kila mara kama mwizi anayebadilisha mashati, na ndiyo maana mtu aliyepona huweza kukipata tena. Cha homa ya matumbo hujificha ndani ya chembe walaji, na kwa watu wachache hubaki katika kibofu cha nyongo, mtu akawaambukiza wengine bila yeye kuugua. Bakteria aina ya stafilokoka, anayeleta majipu, hukishika kingamwili kwa nyuma kikageuka juu chini, kisifae kitu.

UFANYE NINI?

Ukiwa na kikohozi kisichokwisha kwa wiki mbili, jasho jingi usiku, homa za jioni, maumivu ya kifua, au ukikonda bila sababu, nenda hospitalini ukapimwe makohozi. Ukikohoa damu, usingoje hata siku moja. Ukiwa unaishi na virusi vya Ukimwi, usizingojee hizo wiki mbili.

Usizunguke kwenye maduka ya dawa ukinunua chupa moja baada ya nyingine ya dawa ya kikohozi, au antibiotiki bila kupimwa. Baadhi ya antibiotiki hupunguza dalili za TB kwa muda tu, na kuchelewesha ugonjwa kugunduliwa.

Ukianza dawa, usishtuke mkojo ukiwa na rangi ya chungwa. Hiyo ni rifampisini. Lakini macho yakigeuka manjano, ukitapika mfululizo, ukiona ukungu au nyayo zikifa ganzi, rudi kwa daktari upesi badala ya kuziacha dawa kimyakimya. Akina mama wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi wamwambie daktari, kwani rifampisini huvipunguzia nguvu. Pombe iwekwe kando, maana dawa hizi hulipa ini kazi nyingi.

Mgonjwa mmoja akipatikana nyumbani, wote wanaoishi naye wapimwe, hasa watoto. Tangu mwaka 2016 Kenya imekuwa na dawa za watoto zenye ladha tamu, ambazo huyeyushwa katika maji, kwa hivyo hakuna haja ya kuvunja vidonge vya watu wazima. Ambao hawajaugua waweza kupewa dawa za kuzuia, ili viini vilivyolala viuawe kabla havijaamka. Na madirisha, ya nyumba na ya matatu, yafunguliwe.

Bila matibabu, kiasi cha nusu ya wagonjwa wa TB hufariki. Kwa wanaozimaliza dawa zao kama walivyoelekezwa, wengi mno hupona kabisa. Kama kuna mtu nyumbani kwako anayezimeza sasa, muulize leo amefika mwezi wa ngapi, na umsaidie aufikie wa sita.